Maji ya Kisima cha Mafuta Yanakwenda Wapi?

(Mazungumzo ya Kamati ya Elimu ya ushirika wetu katika mkutano wa wanachama. Tumeyaandika hapa kwa faida ya wale waliokuwa shambani na wale waliokuwa wagonjwa. Anayejua kusoma amsomee mwenzake.)



Katika mkutano uliopita tulizungumza habari za gesi. Tulitaja ajira ya vijana, tukataja barabara na umeme. Halafu mama mmoja akasimama akauliza: "Na huko wanakochimba, maji machafu wanamwaga wapi?" Wengine walicheka. Lakini hakuna aliyemjibu, hata sisi wa kamati. Tukaona aibu, tukaahidi kutafuta jibu na kulileta hapa.

Leo tumekuja kulipa deni hilo. Tumeona ni bora tueleze habari za nchi moja ambayo imechimba mafuta na gesi kwa muda mrefu kuliko wengi, yaani Marekani. Huko kisima mashuhuri cha mafuta kilichimbwa mwaka 1859 katika mji wa Titusville, jimbo la Pennsylvania. Watu waliofanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 160 wamekosea mara nyingi na wametunga sheria nyingi. Mwenye busara hujifunza kwa jeraha la mwenzake.

MAJI HAYO NI MAJI GANI?

Watu wengi hudhani kwamba kisima cha mafuta kinatoa mafuta tu, na cha gesi kinatoa gesi tu. Siyo hivyo. Chini kabisa ya ardhi, pamoja na mafuta na gesi, kuna maji ya kale yaliyofungwa ndani ya mwamba tangu zamani sana. Ukivuta mafuta, maji nayo yanakuja. Kisima kikizeeka, mafuta yanapungua na maji yanazidi. Ilikadiriwa kwamba mwaka 2012 visima vya Marekani vilitoa maji kiasi cha mapipa bilioni 21. Pipa moja la mafuta ni lita 159. Piga hesabu mwenyewe, ndugu, kama daftari lako linatosha.

Kuna na njia nyingine ya kuchimba, ambayo ni kupasua mwamba. Wanasukuma chini mamilioni ya lita za maji yenye mchanga na dawa, kwa nguvu kubwa, mpaka mwamba unapasuka na gesi inatoka. Sehemu ya maji hayo hurudi juu, yamechanganyika na yale ya kale.

Sasa maji haya yana nini? Kwanza kabisa ni chumvi. Sisi watu wa pwani tunaijua chumvi. Chota ndoo ya lita 20 ya maji ya bahari, iache ikauke juani, utapata gramu 700 hivi. Lakini katika mwamba unaoitwa Marcellus, huko Pennsylvania, maji mengine ndoo yake ikikauka hubaki kilo 4 na zaidi. Pili, yana mafuta mafuta. Tatu, yana madini kama bariamu, na mahali pengine radiamu, ambayo hutoa mionzi. Huwezi kuiona kwa macho wala kuinusa.

Basi maji ya namna hii ukiyamwaga shambani, shamba limekwisha. Ukiyamwaga mtoni, itategemea mto una maji kiasi gani siku ile.

NANI MWENYE AMRI?

Marekani ina serikali kuu na ina serikali za majimbo. Mwaka 1972 serikali kuu ilipitisha sheria ya maji safi. Sheria hiyo ilisema hivi: hakuna mtu kutoa uchafu kwenye bomba lake na kuutia mtoni bila kibali. Lakini kazi ya kuandika vibali, kupima maji na kumfuata mkosaji, ilikabidhiwa kwa majimbo yaliyokuwa tayari kuifanya.

Mwaka 1979 ikatoka kanuni ya visima vya mafuta na gesi vya nchi kavu. Kwa visima vingi kanuni ilikataza kabisa kumwaga maji yale mtoni. Lakini walichora mstari kwenye ramani, mstari wa 98 wa upande wa magharibi. Magharibi ya mstari huo nchi ni kavu na ng'ombe wana kiu. Huko wakaruhusu maji yamwagwe, kwa sharti kwamba yawe mazuri ya kutosha kunywesha mifugo au kumwagilia, na kweli yatumike kwa kazi hiyo, na mafuta yasizidi miligramu 35 katika kila lita.

Kisha mwaka 1988 serikali kuu ikaamua kwamba taka za uchimbaji wa mafuta na gesi zisiwekwe katika sheria kali ya taka za hatari. Ikasema majimbo yatazisimamia. Kwa hiyo mambo mengi yakabaki mikononi mwa jimbo. Jimbo likiwa kali, mto unapona. Jimbo likiwa legelege, mto unalipa. Texas, kwa mfano, mwenye amri ya mafuta ni chombo kinachoitwa Tume ya Reli, kilichoundwa mwaka 1891 kusimamia treni. Siku hizi hakina habari na treni tena, lakini jina limebaki. Tangu mwaka 2021 kazi ya kutoa vibali vya kumwaga maji hayo mtoni imehamia kwa tume nyingine ya jimbo, inayoshughulika na mazingira. Mwananchi wa kule inambidi ajue mlango wa kubisha ni upi, la sivyo atazungushwa.

MLANGO WA NYUMA

Sasa sikilizeni mambo ya Pennsylvania, maana hapa ndipo penye somo.

Baada ya mwaka 2004 watu walianza kuchimba gesi ya mwamba wa Marcellus. Visima vikaongezeka haraka sana, na maji ya chumvi yakaongezeka. Kuyamwaga mtoni pale kisimani, sheria ya 1979 imekataza. Basi wakafanyaje? Waliyapakia kwenye malori wakayapeleka kwenye mitambo ya miji ya kusafishia maji ya vyooni. Mitambo ile ilikuwa na vibali vyake halali vya kutoa maji mtoni. Maji ya gesi yakaingia upande huu, yakatoka upande wa pili, yakaenda mtoni. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa, nayo yakapita mlango wa nyuma.

Mtauliza, je, hayakusafishwa? Ndugu, mtambo wa maji ya vyooni umetengenezwa kwa ajili ya kinyesi. Ndani yake kuna vijidudu vinavyokula uchafu ule. Chumvi haina mdudu wa kuila. Akina mama wenyewe mnajua: mchuzi ukizidi chumvi, hata uuchuje kwa kitambaa mara saba, chumvi haibaki kwenye kitambaa. Ndivyo ilivyokuwa kule. Chumvi ilipita kama ilivyoingia.

Mwaka 2008, wakati wa kiangazi kirefu na mto umepungua, maji ya mto Monongahela yalizidi kipimo cha chumvi na madini. Kipimo hicho ni miligramu 500 kwa lita. Mto ule unanywewa na mamia ya maelfu ya watu, na wengine waliambiwa watumie maji ya chupa. Siyo kwamba chumvi yote ilitoka kwenye gesi. Migodi ya makaa ya mawe nayo ilikuwa na sehemu yake. Lakini mto uliobebeshwa mzigo na migodi kwa miaka mingi ulikuwa hauna nafasi ya mzigo mwingine.

Kulikuwa na jambo jingine. Maji yale yana bromaidi. Bromaidi peke yake mtoni haionyeshi neno. Lakini watu wa mji wanapochota maji yale na kuyatia klorini ili kuua vijidudu, bromaidi na klorini na uchafu wa majani hushikana na kufanya kemikali nyingine, ambazo zikinywewa kwa miaka mingi huhofiwa kuleta kansa. Yaani dawa ya kusafisha maji inageuka kuwa sehemu ya tatizo.

Jimbo lilistuka. Mwezi Agosti 2010 likatoa kanuni mpya: maji ya gesi ya mwamba yasitoke kwenye mtambo mpya yakiwa na chumvi na madini zaidi ya miligramu 500 kwa lita. Kanuni nzuri. Lakini mitambo ya zamani iliachwa iendelee. Basi mwezi Aprili 2011 jimbo likawaambia wachimbaji: ifikapo tarehe 19 Mei msipeleke tena maji yenu kwenye mitambo ile. Halikuwa hata agizo la sheria, lilikuwa ombi. Na wengi waliitika, kwa sababu wananchi walikuwa wamekwisha amka. Ndipo mwaka 2016 serikali kuu nayo ikapiga marufuku nchi nzima kupeleka maji ya gesi ya mwamba kwenye mitambo ya miji. Hesabuni miaka wenyewe.

Na uchafu hauondoki siku sheria inapofika. Mwaka 2013 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Duke walitoa matokeo ya kupima tope la kijito cha Blacklick, Pennsylvania, chini ya mtambo mmoja uliokuwa ukisafisha maji ya visima. Walikuta radiamu kwenye tope mara 200 hivi kuliko tope la upande wa juu. Maji yalikwisha kwenda zake baharini. Radiamu ilikuwa imekaa pale pale, kwenye tope, ambako samaki wanakula.

CHINI YA ARDHI

Haya, mto umefungwa. Maji yakaenda wapi? Maana maji hayapotei, ndugu. Ukiyafungia hapa yatatokea pale.

Sehemu yakatumiwa tena kupasua mwamba mwingine, na hiyo ni akili nzuri. Sehemu nyingine malori yaliyapeleka jimbo la jirani, Ohio, yakasukumwa chini ya ardhi katika visima vya kurudishia. Wakasema sasa tumepona, yako chini kabisa, hayamdhuru mtu. Mwezi Desemba 2010 kisima kimoja cha namna hiyo kilianza kazi mjini Youngstown. Mwaka 2011 ardhi ya mji ule ikaanza kutetemeka. Kisima kilifungwa mwishoni mwa Desemba 2011, na kesho yake, tarehe 31, likapiga tetemeko la ukubwa wa 4.0. Yale maji yaliyosukumwa yalikuwa yamefika kwenye nyufa za kale za mwamba, yakazilainisha kwa shinikizo, zikateleza. Mwaka 2012 Ohio ikatunga kanuni mpya za visima hivyo.

Jimbo la Oklahoma lilipata makubwa zaidi. Zamani matetemeko ya ukubwa wa 3 na kuendelea yalikuwa moja au mawili kwa mwaka. Mwaka 2015 yalifika kama 900. Tarehe 3 Septemba 2016 likaja la ukubwa wa 5.8 karibu na mji wa Pawnee, kubwa kupita yote yaliyowahi kupimwa katika jimbo lile. Ndipo tume ya jimbo ikaamuru visima vingine vifungwe na vingine vipunguze maji. Na kweli, walipopunguza maji, matetemeko yakapungua mwaka hadi mwaka. Kumbe dawa ilikuwapo. Ilichelewa kunywewa tu.

JICHO LA USIKU

Tuwape na kisa kimoja kifupi. Huko huko Youngstown kulikuwa na kampuni iliyohifadhi maji na tope la visima kwenye matangi makubwa. Kibali cha kumwaga mtoni haikuwa nacho. Basi mwenye kampuni akawaagiza wafanyakazi wafungulie matangi usiku kwenye mfereji wa maji ya mvua. Mfereji ule unapeleka maji kwenye kijito, na kijito kinaingia mto Mahoning. Wakafanya hivyo mara nyingi.

Sheria ilikuwapo. Ofisi ya jimbo ilikuwapo. Wakaguzi walikuwapo na mishahara yao. Lakini aliyewakamatisha ni mtu ambaye hakutaja jina lake. Alipeleka habari, na tarehe 31 Januari 2013 wakaguzi wakafika wakakuta kazi inaendelea. Mwaka 2014 mwenye kampuni alihukumiwa kifungo cha miezi 28.

Mkaguzi hawezi kulala kando ya kila mfereji. Mwenye kulala pale ni mwananchi.

TUSIOGOPE KILA MAJI

Hata hivyo hatutaki mtoke hapa mnaogopa kila maji ya kisima. Hayalingani. Katika Wyoming, magharibi ya ule mstari tuliosema, kuna ng'ombe wanaokunywa maji ya visima vya mafuta kwa sababu ni matamu kiasi. Katika wilaya ya Kern, jimbo la California, tangu miaka ya 1990 wakulima wanamwagilia mashamba kwa maji ya visima vya mafuta yaliyosafishwa na kuchanganywa na maji mengine. Watu walipoanza kuuliza habari za matunda yao, bodi ya maji ya eneo lile iliita jopo la wataalamu. Taarifa iliyotoka mwaka 2021 haikuona kwamba mla matunda amezidishiwa hatari.

Tofauti ya Kern na Blacklick ni nini? Wote ni Wamarekani, wote wana sheria. Tofauti moja ni maji yenyewe, na nyingine ni kipimo. Maji yaliyopimwa unajua utayafanyia nini. Maji yasiyopimwa ni kamari.

NA SISI JE?

Sasa turudi nyumbani. Visima vya gesi vya pwani yetu siyo vya kupasua mwamba kama vile vya Marcellus, na hatusemi kwamba mambo ya kule yako hapa. Gesi ya Songo Songo inazalisha umeme tangu mwaka 2004, na sisi wenyewe tunataka umeme. Lakini swali la yule mama halibadiliki kwa sababu ya ramani.

Sheria tunazo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mradi mkubwa ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na wananchi wasikilizwe. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka anayetiririsha maji machafu mtoni au ardhini awe na kibali cha bodi ya maji ya bonde. Kwa hiyo siku wageni watakapokuja na karatasi zao tusikae kimya tukingoja soda. Tuulize maswali manne:

1. Maji yatakayotoka kisimani yatakuwa kiasi gani, na yana nini ndani?

2. Yanakwenda wapi? Tusiridhike kuambiwa "kwenye mtambo". Tuulize mtambo upi, na yakitoka mtamboni yanakwenda wapi. Tufuate maji mpaka mwisho wake.

3. Nani anayapima, mara ngapi kwa mwezi, na matokeo yatabandikwa wapi tuyaone?

4. Wakati wa kiangazi, mto ukiwa mwembamba, kipimo kitakuwa kile kile cha masika?

Na jambo la mwisho, ambalo ndilo tunaloliomba mkutano huu ulikubali. Pennsylvania walitunga sheria mwaka 2012. Inasema maji ya kunywa ya mtu yakiharibika ndani ya mita 760 hivi kutoka kwenye kisima cha gesi ya mwamba, na katika miezi 12, mchimbaji huhesabiwa kuwa ndiye aliyeharibu. Lakini mchimbaji akionyesha cheti kwamba maji yale yalikuwa mabaya kabla hajachimba, anajitoa. Kwa hiyo makampuni ya kule hupima visima vya wananchi kabla ya kuchimba. Wao wana cheti. Mwananchi ambaye hakupima hana kitu, ana maneno tu.

Tusiwe watu wa maneno tu. Kamati inapendekeza kwamba ushirika uchague watu wawili, mama mmoja na kijana mmoja anayejua kuandika, wawe watunza maji wetu. Kila mwezi waandike katika daftari: rangi ya maji ya mto na ya visima vyetu, harufu, ladha, kina cha mto kwa kijiti chenye alama, na samaki wanaoonekana. Na mara mbili kwa mwaka, masika na kiangazi, tuchote maji katika chupa safi tuyapeleke yakapimwe chumvi na madini, kwa fedha za mfuko wa ushirika. Tunajua mfuko ni mwembamba. Tunajua paa la ghala linavuja. Lakini paa linalovuja tutaliziba mwaka ujao. Kipimo cha mto kabla ya mambo kuanza hakichukuliwi mara ya pili. Siku ikipita, imepita.

Pengine hakuna atakayechimba karibu nasi, na daftari lile litabaki kutusaidia kujua mwaka wa ukame na mwaka wa neema. Hasara iko wapi?

Ndugu wanachama, yule mama aliyeuliza yuko hapa kati yetu. Hatukuweza kumjibu siku ile, na siku ile tulicheka. Tunamwomba radhi. Na tunapendekeza jina lake liwe la kwanza katika hao wawili, kama mwenyewe atakubali.

Mwenye swali aulize sasa, na mwenye kupinga apinge, halafu tupige kura.

Kamati ya Elimu